KASIRANI NI KAMA MBABULA
Mafundisho kwa wamama wenye kuleta watoto kupima

  

Mbele ya kupima watoto, tuzungumuze kidogo. Siku zingine tunafundisha juu ya malaria, juu ya uji wa mutoto, juu ya chanjo. Leo tunafundisha juu ya kitu ambacho kipimo hakiwezi kuonyesha, lakini kinaingia nyumbani mwetu na kinaumiza watoto. Kitu hicho ni kasirani isiyomalizwa.

Labda mama mumoja anasema ndani ya moyo: "Ile ni maneno ya kanisa, haiko ya hospitali." Hapana, mama. Sikiliza mpaka mwisho, kisha utajua sababu gani sisi wa hospitali tunaisema.

1. Moto wa inje na moto wa ndani

Sisi wote tuna mbabula nyumbani. Mama anawasha makala inje, moto unashika, anapika bukari na sombe, watoto wanashiba. Moto ule ni muzuri. Lakini katika mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inashika sana hapa Kolwezi, kuko watu wanaoingiza mbabula katika chumba cha kulala. Wanafunga mulango na dirisha, wanalala. Makala yanatoa hewa mbaya ambayo haionekani na haina harufu. Asubuhi jirani anapiga hodi, hakuna mwenye kujibu.

Kwanza tunasema hili kwa ajili ya mwili: usilale hata siku moja na mbabula ndani ya nyumba, hata kama makala yanaonekana kama yamezimika.

Sasa tuseme kwa ajili ya moyo. Kasirani ni kama mbabula. Mungu alituumba na kasirani. Mama akiona mutu anamupiga mutoto wake bure, na yeye hakasiriki, tutasema moyo wake umekufa. Hata Bwana Yesu alikasirika. Marko, katika sura ya 3, anatuelezea habari za watu waliomuchunga siku ya Sabato, waone kama ataponyesha mutu mwenye mukono uliokauka. Ugumu wa mioyo yao ulimukasirisha na kumuhuzunisha. Lakini angalia alifanya nini na kasirani yake: hakupiga mutu, aliponyesha mugonjwa. Ule ni moto wa inje, moto wa kupika chakula.

Mutume Paulo, katika barua kwa Waefeso, sura ya 4, hakuwakataza watu kukasirika. Aliwakataza kulala na kasirani. Alitaka waimalize mbele ya jua kushuka. Paulo alijua kama kasirani inayolala ndani ya nyumba, mulango umefungwa, inaua wenye kulala.

2. Kasirani inafanya nini katika mwili

Mutu akikasirika, moyo unapiga mbio, damu inasukumwa kwa nguvu, tansio inapanda, mikono inatetemeka. Saa moja ikipita na maneno yakiisha, mwili unarudia hali yake. Lakini mutu akikaa na kasirani juma kwa juma, hapati usingizi, hasikii njaa, kichwa kinauma, tumbo linauma. Mama wa namna hii anachoka upesi. Anapigia watoto kelele kwa kosa ndogo. Watoto wanamuogopa, hata mutoto mudogo anakuwa mwenye kulia-lia.

Lakini angalisho! Wewe mwenye mimba, kama kichwa kinauma sana, macho yanaona giza ao nyota-nyota, uso na mikono vinavimba, usiseme: "Ni mawazo tu, bwana wangu alinikasirisha." Hiyo ni alama ya hatari kwako na kwa mutoto tumboni. Kuja hospitali siku ileile. Hatutakuuliza nani alikukosea, tutakupima tansio.

3. Wamama wawili wa lupango moja

Tuseme kuko wamama wawili wanaokaa katika lupango moja. Siku moja maji hayatoki vizuri, mustari ni murefu ku robine. Mama wa kwanza anakuta bido yake imesukumwa nyuma.

"Njo nani alikutuma utoshe bido yangu?"

"Bongo! Mi nilikuwa mbele yako. Weye ulikuwa unasimulia tu."

"Ni vile ninyi wote muko, kabila yenu!"

Maneno ya bido yaliisha palepale. Maneno ya kabila hayakuisha. Tangu siku ile hawasalimiani. Mumoja akifagia, anasukuma takataka upande wa mwenzake. Watoto wao wanakatazwa kucheza pamoja. Hivi miezi mbili inapita.

Usiku mumoja mutoto wa mama wa kwanza anashikwa na moto mukali, anaanza kutupa-tupa mikono na miguu. Bwana ametumika usiku, hayuko. Telefone haina unite. Feza ya pikipiki hakuna. Ngambo ya lupango, hatua kumi tu, mwenzake yuko na telefone na bwana yake yuko na pikipiki. Mama anasimama mbele ya mulango wake, mutoto mikononi, anafikiri: "Nikibisha kwake, atanicheka." Anarudia ndani, anamupangusa mutoto na maji, anangoja kuche.

Na yule mwenzake? Alisikia kilio. Alikaa juu ya kitanda akafikiri: "Nikienda, atasema nilikuja kuroga mutoto." Akalala tena.

Wamama, mutaona: katika lupango ile hakukuwa mama mubaya. Kulikuwa wamama wawili wanaopenda watoto, na mbabula moja katikati yao. Malaria inaweza kuua mutoto mudogo kwa masaa machache. Haingoji kuche, haiulizi nani alisukuma bido. Ukikata urafiki na jirani, unakata njia ya mutoto wako ya kufika hospitali.

Kwa hiyo shikeni hili: mutoto mwenye kutetemeka na kupoteza akili, mutoto anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, ao anayelala sana na haamuki, inaomba kumuleta palepale, usiku ao muchana. Ubishe mulango wowote. Na wewe unayesikia kilio cha mutoto wa adui wako, amuka, enda. Maneno ya robine mutayamaliza kesho, mutoto akiwa muzima.

4. Mawazo matatu ya kuacha

Kuko mawazo yanayotembea katika muji juu ya kasirani. Yanaleta vifo, ni kwa hiyo tunayasema waziwazi.

La kwanza: "Mama akikasirika, maziwa yake yanaharibika." Si kweli. Kasirani haitii sumu katika maziwa. Inaweza kufanya maziwa yakawie kutoka, kwa sababu mwili umekazana. Kaa pahali pa kimya, kunywa maji, pumua polepole, weka mutoto tena kwenye ziwa. Usimuachishe mutoto kwa sababu mulipigana na mulamu wako.

La pili: "Mama anashindwa kuzaa kwa sababu kuko zambi ao ugomvi aliouficha." Tunaona wamama wanaofikishwa hapa wakiwa karibu kufa, maana jamaa walikaa naye siku nzima wakimuuliza: "Sema! Ulilala na nani? Ulimutukana nani?" Na kumbe mutoto alikaa vibaya, ao njia ni ndogo. Uchungu ukipita masaa 12 na mutoto hajazaliwa, inaomba hospitali, haiombi maulizo. Kutubu ni kuzuri, lakini Mungu anasikia toba hata ndani ya motokari ya kupeleka wagonjwa. Mama-mukwe, wewe unayetuheshimisha kwa kuja leo, tunakuomba: uwe wa kwanza kusema "twende."

La tatu: kumutupia mutoto kasirani ya wakubwa. Kazi inapotea, bwana anaugua, ndugu wanagombana juu ya feza ya shimo, kisha mutu anasema: "Mutoto huyu ni mulozi." Kila mara ni mutoto asiye na wa kumusemea: yatima, mutoto wa muke wa kwanza, mutoto mwenye kukojoa kitandani. Anafukuzwa, anaanza kulala sokoni. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumusingizia mutoto ulozi. Sheria ya kulinda watoto ya mwezi wa kwanza 2009 inamupa azabu mwenye kufanya hivyo. Na Yesu aliwakasirikia wanafunzi wake siku walipowafukuza watoto. Hakuwakasirikia watoto.

5. Kasirani ya muji muzima

Maneno ya robine yanaweza kuwa maneno ya muji. Wakubwa wetu hapa wanajua, maana waliona kwa macho.

Tangu miaka ya 1920 Union Minière na njia ya reli vilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Walijenga, walizaa, watoto na wajukuu wao walizaliwa hapahapa na kusema Kiswahili chetu. Mwezi wa nane 1992 ugomvi wa wakubwa wa siasa juu ya kiti cha Waziri wa Kwanza, kule Kinshasa, ulishuka mpaka katika jimbo letu lililoitwa wakati ule Shaba. Likasi iliwaka kwanza. Mwezi wa tatu 1993 ilikuwa zamu ya Kolwezi. Watu waliwaita jirani zao "bilulu", kama vile wadudu. Mutu ukisha kumuita mududu, kumukanyaga hakukawii. Nyumba zilinyanganywa. Maelfu na maelfu ya watu walilala kwenye stasioni na katika masomo, wakingojea treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Walikaa juma nyingi bila maji mazuri, bila vyoo. Wengi walikufa pale na njiani, na wa kwanza kufa walikuwa watoto.

Angalieni, wamama: nani aliyegombana? Wanasiasa. Nani aliyezika mutoto kando ya reli? Mama.

Na hata waliobaki hawakupata faida. Kazi zilipoteza watu wenye ufundi, masomo yalipoteza walimu, wagonjwa walikosa waganga wao. Lakini kulikuwa pia watu waliofunga mulango wakaficha jirani ndani, wakawapa chakula. Hao ndio waliolinda jina la muji wetu. Leo juu ya benchi hii, katika jimbo linaloitwa Lualaba tangu 2015, wanakaa pamoja wamama ambao wazazi wao walifukuzwa na wamama ambao wazazi wao walibaki. Watoto wao wanapimwa na kilo moja, wanachanjwa na dawa moja. Usirudishe neno "bilulu" kinywani mwako, hata kwa kucheka. Mutoto wako anasikia.

6. Kusamehe ni nini, na siyo nini

Kusamehe siyo kusahau. Yosefu hakusahau kama ndugu zake walimuuza. Kitabu cha Mwanzo kinatuelezea kama aliwajaribu kwanza, aone kama mioyo yao imegeuka. Kisha alilia, akawakumbatia, akawapa chakula wao na watoto wao, maana kulikuwa njaa katika inchi. Musamaha wa Yosefu ulifika mpaka katika chungu cha bukari. Musamaha usiofika katika maisha ya watoto haujamalizika.

Kusamehe siyo kusema: "Si kitu." Kama si kitu, hakuna kitu cha kusamehe. Kusamehe ni kusema: "Ulinikosea kweli, liliniumiza, lakini sitakulipiza. Ninaacha deni hili mikononi mwa Mungu."

Na zaidi ya yote, kusamehe siyo kufunga kinywa juu ya ubaya unaoendelea. Bwana akikupiga mpaka damu, hakuna mahubiri yanayokuambia ubaki pale ungojee kifo. Kimbia pahali pa salama, uje tukutunze, kisha wakubwa wa jamaa na wa kanisa wamuite. Kama wewe ao mutoto wako mumeshikwa kwa nguvu na mwanaume, kuja hospitali upesi, mbele ya masaa 72 kupita, maana kuko dawa za kuzuia SIDA na magonjwa mengine, na zinatumika vizuri zikianzwa mapema. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inahesabu jambo hilo kuwa kosa kubwa la kuhukumiwa na tribinali. Mbuzi na feza ya wazee haviwezi kulimaliza. Moyo wako unaweza kusamehe siku moja, wakati wake ukifika. Lakini mutoto mwingine inaomba alindwe leo.

7. Njia ya kupatana

Yesu alitupa njia fupi katika Matayo, sura ya 18. Tuifuate hivi:

Kwanza, tuliza mwili. Usiende na moto kichwani. Kunywa maji, oga, omba Mungu.

Pili, enda peke yako. Usimalize maneno ku robine, mbele ya watu. Pale kila mutu anataka kushinda. Enda nyumbani kwake, saa ya utulivu. Na usingoje yeye aanze. Mwenye kuanza si mwenye kosa, ni mwenye nguvu.

Tatu, sema jambo lililofanyika, usiseme kabila, usiseme mama yake, usirudishe maneno ya mwaka jana. Sema: "Yaya, siku ile ulisukuma bido yangu, niliumia. Na mimi nilitukana jamaa yako, nilikosa. Tusameheane."

Ine, rudisha kilichopotea. Kama ulivunja sahani, lipa sahani. Kama ulisema bongo juu yake mbele ya watu, nenda kaseme kweli mbele ya watu walewale.

Tano, kama anakataa, rudia na mutu mumoja ao wawili wenye busara, wasiopenda upande wowote. Kisha wakubwa wa kanisa ao chifu wa kartie.

Sita, mufanye kitu pamoja. Kuleni bukari katika sahani moja, chotesheni maji pamoja, shikiaaneni watoto siku ya soko. Petro aliuliza kama inatosha kusamehe mara saba, na Yesu akamupa hesabu ambayo hakuna mutu wa kuimaliza kwa vidole. Alijua kama wanaokaa lupango moja watakoseana tena.

Na kama umefanya yote na mwenzako angali anakataa? Basi, wewe umetoa mbabula yako inje. Endelea kumusalimia. Mulango wako ubaki wazi, maana hujui usiku gani mutoto wake atashikwa na moto.

Maulizo ya kuzungumuza

1. Usiku huu mutoto wako akigonjwa, utabisha mulango wa nani? Kuko mulango usioweza kubisha? Juu ya nini?
2. Katika kartie yako, wanasema nini juu ya maziwa ya mama mwenye kasirani? Utawajibu namna gani?
3. Mama yuko na uchungu tangu asubuhi, na jamaa wanamuuliza maneno ya zambi. Wewe uko pale. Utafanya nini?
4. Kuko tofauti gani kati ya kusamehe na kunyamaza?

Tuombe

Baba yetu, unajua maneno tunayolala nayo. Tupe nguvu ya kuyatoa inje mbele ya jua kushuka. Linda watoto wetu na watoto wa jirani zetu, na hata wa wale tusiosalimiana nao. Tupatanishe sisi kwa sisi, kama ulivyotupatanisha nawe kwa Yesu Kristo. Amina.

Sasa, wamama, leteni karti, tuanze kupima. Na wewe uliyekaa mbali na mwenzako asubuhi hii kwa sababu ya maneno, sogea kidogo. Mushikie mutoto wake, yeye akifungua kitambaa.